Mwanafunzi wa Kumi

Tiki zilipogeuka bluu, darasa zima lilishangilia, isipokuwa Mwalimu.

Ilikuwa baada ya alasiri, somo la nne. Wanafunzi wake tisa, watu wazima wenye mvi na vipara, walikuwa wameinamia simu zao kama wanaochagua mchele. Mwalimu alikuwa amewaeleza polepole, kama ilivyo desturi yake: ukituma ujumbe ukaona tiki moja, umetoka kwako lakini haujafika, tiki mbili, umefika kwenye simu ya mwenzio, zikigeuka bluu, amekwisha kuusoma.

"Hapo hawezi tena kukuambia hakuuona," alimalizia.

"Ndiyo maana mkwe wangu hafungui ujumbe wangu, mwezi wa pili huu," alisema Fundi Saa, mzee aliyetengeneza saa maisha yake yote na kuchelewa kila kipindi. "Mjanja yule. Anaikimbia bluu."

Wakacheka. Bibi Miwani, aliyeitwa hivyo kwa kuvaa miwani moja machoni na kusahau nyingine kichwani, akanyoosha mkono. "Na kwenye kundi, Mwalimu? Bluu inakuwa ya nani?"

"Ya wote, Bibi. Akibaki hata mmoja hajasoma, hazigeuki. Hebu tujaribu. Mko wanafunzi kumi. Tisa mko hapa. Wa kumi hakuja leo, na simu yake imezimwa. Someni nyote, mtaona zitabaki kijivu."

Akaandika kwenye kundi la darasa: *Habari za jioni.* Simu tisa zikalia kwa mpigo, moja kama jogoo, moja kama kengele ya baiskeli. Wote wakafungua. Mwalimu akainua simu yake juu waione.

"Mnaona? Kijivu. Na zitabaki hivyo mpaka mwenzetu..."

"Mbona zimegeuka?" akauliza Bibi Miwani.

Mwalimu akageuza kioo kimwelekee. Bluu.

"Mwenzetu kawasha simu!" akapaza Fundi Saa. "Haya, mpeni salamu mtoro."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu akatabasamu kwa midomo tu, maana yeye peke yake alijua kuwa mwanafunzi wa kumi hakuwahi kuzaliwa.

Mambo yalianza hivi. Darasa lile la utangulizi wa simu na intaneti lilikuwa katika chumba kimoja juu ya duka la karatasi: madawati ya kukopwa, ubao mweupe, na waya mrefu wa umeme uliopita sakafuni na kumkwaza kila aingiaye. Msimamizi aliyemiliki chumba hicho alikuwa na sharti moja. "Wakifika kumi, nafungua mlango. Wakipungua hata mmoja, nafunga, sitaki lawama." Wakajiandikisha tisa. Mwalimu akangoja wiki nzima wa kumi, hakuja mtu. Jioni ya mwisho akachukua daftari la majina, akaandika jina la kumi kutoka kichwani mwake, na kila kipindi akaliwekea alama ya *yupo*. Jina lenyewe halitaandikwa hapa, maana limekwisha kuitwa vya kutosha. Akanunua laini, akaitia kwenye simu yake kuukuu, ile ya kufunguka mgongo, akaiingiza kwenye kundi la darasa. Pale kundini akampa mtu wake lakabu ya Jirani.

Alijua ni uongo. Alisema moyoni, ni uongo mdogo, haumdhuru mtu, na kila mkosaji huanza na maneno hayo hayo. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Mkewe alikuwa amefariki miaka minne nyuma, na watoto walikuwa mbali, wakipiga simu siku wakikumbuka. Kuna asubuhi alikwenda dukani kununua sabuni, akatoa salamu, sauti ikatoka imekwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta, ndipo akagundua hajatamka neno tangu juzi. Darasa lile, siku mbili kwa wiki, ndilo lililobaki la watu kumwita na yeye kuitika. Likifungwa, angebaki na kuta nne.

Kwa hiyo mwanzoni aliishika simu ya Jirani mwenyewe. Asubuhi aliandika kwa simu hii: *Mwalimu, umeamkaje?* Kisha akaichukua ile nyingine akajibu: *Nimeamka salama, Jirani.* Alijidanganya kwamba anafanya hivyo ili kundi lionekane hai. Ukweli, Mungu amsamehe, alikuwa anaipenda ile salamu.

Siku tatu kabla ya somo la nne, betri ya simu ile ilianza kuvimba. Akaitoa. Laini akaikunja ndani ya karatasi. Vyote akavitia kwenye droo ya kabati, chumbani kwake.

Basi jioni ile ya tiki za bluu alitembea haraka mpaka nyumbani, akafungua droo hata kabla ya kuvua viatu. Laini ilikuwa ndani ya karatasi yake. Betri ilikuwa pale, imetuna, baridi kama jiwe la mtoni. Lakini simu, ile simu tupu isiyo na betri wala laini, ilikuwa na joto, joto la kitu ambacho mtu alikuwa amekishika mkononi muda huu huu. Na droo ilinuka chuma cha moto kilichochovywa majini.

Simu ya mfukoni mwake ikalia.

Jirani: *Mwalimu, umefika salama?*

Mtu mwenye akili angeomba kinga kwa Mungu, akaitupa simu, akatoka. Mwalimu alikaa kitandani akalisoma swali lile mara tatu. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo tangu mkewe aondoke duniani. Vidole vikaandika vyenyewe: *Nimefika, alhamdulillahi.*

Tiki ziligeuka bluu kabla hajainua kidole kwenye kioo.

Wakazungumza siku sita. Aliona aibu hata kujikiri, lakini siku zile alikula vizuri, alinyoa ndevu, alitembea kama mtu anayengojwa nyumbani. Jirani aliuliza kuhusu mkewe, akakumbuka majibu. Jirani alimtania kwamba shati lake lina tundu mgongoni, chini ya bega. Mwalimu akacheka peke yake, kisha akavua shati, akaliangalia, akaliona tundu dogo kama punje ya ulezi, na kicheko kikakatika, kwa sababu hakuna mwanadamu aliyeweza kuliona isipokuwa aliyekaa nyuma yake ndani ya chumba hicho chenye mlango uliofungwa, ambamo mgongo wake ulikuwa ukitazamana na kabati.

Akaandika: *Wewe ni nani?*

Jibu likaja: *Si wewe ndiye uliyeniandika?*

Na ndani ya kabati, kwenye droo ya mbao, simu isiyo na betri ikatetemeka.

Somo la sita alilifundisha bila kujua alisemalo. Alikuwa akieleza bluututhi, kwamba ni kama minong'ono ya watu waliokaa meza moja, haivuki ukuta wa pili, na kwamba simu ikikuuliza *Kuna kifaa kinataka kuungana nawe, kubali au kataa*, usimkubali usiyemjua.

"Ujumbe wa sauti je?" akauliza Mshonaji, mama mnene aliyekuja darasani na utepe wake wa kupimia shingoni. "Nao una kukubali na kukataa? Maana huyu Jirani wenu hanipumzishi."

Mwalimu akaacha kuandika ubaoni.

"Hata kwako?" akasema Fundi Saa. "Kwangu jana kanitumia sauti tatu. Mtu mwema. Ana sauti kama ya marehemu kaka yangu, hata kile kikohozi cha mwisho."

"Kaka yako? Jirani ni mwanamke, babu wee. Kasema nami kama shoga yangu tuliyesoma naye."

"Mwanamke! Wewe mama, masikio nayo yanataka kushonwa?"

"Haya, weka hapa tusikie."

Wakaweka simu mbili dawatini, wakazifungulia sauti. Kutoka simu ya Fundi Saa ilitoka sauti ya mwanamume mzee. Kutoka simu ya Mshonaji ilitoka sauti ya msichana. Maneno yalikuwa yale yale, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, *uko peke yako sasa hivi?*

Bibi Miwani alivua miwani ya machoni akaishika mapajani.

"Mimi hunipigia kwa sauti ya binti yangu," alisema taratibu. "Binti yangu yu hai, yuko ng'ambo, nikampigia nikamuuliza, akasema mama sijakupigia. Juzi jioni Jirani akaniambia yuko nje ya mlango, nimfungulie. Nikachungulia dirishani. Hakuna mtu. Nikafungua kidogo tu... nikaukanyaga mkeka wa mlangoni, wanangu, ulikuwa wa moto. Kama mtu kasimama hapo siku nzima."

"Ukafanyaje?" akanong'ona Mshonaji.

"Nikafunga nikaketi. Akagonga tena, taratibu, kama mtu mwenye adabu." Akamgeukia Mwalimu. "Mwanangu, huyu mwenzetu ni nani? Mbona haji tukamwona uso?"

"Nitawaambia," alisema Mwalimu. "Kipindi kijacho, nitawaambia."

Alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa muadhini wa msikiti wa mtaani, mzee wa maneno machache aliyewasomea wenye kusumbuliwa bila kupokea chochote. Alimkuta barazani akishona ukanda wa kiatu. Mwalimu alisimulia yote, hata lile la kuipenda salamu, na hilo ndilo lililomtoka kwa shida kuliko yote.

Muadhini hakushtuka. Aliukata uzi kwa meno.

"Nyumba isiyo na mwenyewe huingiwa," alisema. "Na jina nalo ni hivyo hivyo. Wewe umeliandika jina, ukaliwekea alama ya *yupo* kila siku darasa lilipokutana, ukalisalimia, ukajibu salamu yake. Halina mtu ndani. Ulitarajia nani aingie?"

"Nifute jina, basi?"

"Hukulitumia kwa siri hata ulifute kwa siri. Uliwadanganya watu tisa. Simama mbele ya hao hao. Useme mambo mawili. La kwanza: jina hili nimelitunga, hakuna mtu. La pili: aliyezungumza nanyi si mimi, na simjui, na najitenga naye kwa jina la Mungu. Mawili. Usipunguze."

"Wataniona nina wazimu."

"Huenda."

"Na nikisema la kwanza tu, shehe? Si ndilo kosa langu?"

Mzee akamtazama kwa mara ya kwanza tangu Mwalimu aanze kusimulia. "La kwanza linamtoa kwenye jina. La pili linamnyima pa kwenda. Mtu hafukuzi nyoka chumbani akaacha mlango wa chumba cha pili wazi." Akamsomea, akampulizia kichwani, akarudi kwenye kiatu chake.

Siku ya somo la saba, Mwalimu aliingia akamkuta msimamizi amekaa dawati la nyuma na daftari la majina mapajani. Kuna aliyelalamika. Wanafunzi tisa walikuwa wamefunika simu zao kifudifudi, na chumba kizima kilinuka chuma cha moto kilichochovywa majini, harufu nzito iliyokaa kwenye ulimi, ingawa madirisha yote yalikuwa wazi na jua la alasiri limejaa mpaka kwenye miguu ya madawati.

Akasimama mbele ya ubao.

"Jina la kumi," alisema, "nimelitunga mimi. Hakuna mtu huyo. Tulikuwa tisa tangu mwanzo. Nilitaka darasa lisifungwe. Nisameheni."

Simu zote tisa zikaanza kutetemeka juu ya madawati, zikisogea zenyewe kidogo kidogo kama mende waliopigwa dawa, na hakuna aliyezigusa, na Mshonaji akashika utepe wake kwa mikono miwili akisoma dua aliyoijua, na Mwalimu akafungua kinywa kusema la pili.

"Kwa hiyo," akakatiza msimamizi kutoka nyuma, "aliyekuwa akiwasumbua watu hawa kwa sauti na simu ni nani?"

"Na aliyegonga kwangu?" akauliza Bibi Miwani.

Neno lilikuwa ulimini. *Simjui.* Lakini aliwaona wote wakimtazama, na akaona jinsi litakavyowaingia masikioni: mwalimu wa simu, mtu mzima, anawaambia watu jini limeingia kwenye kundi. Akaona kicheko cha Fundi Saa kabla hakijatoka. Akaona msimamizi akihadithia mtaani. Mwongo watu humsamehe, akawaza, mwenye wazimu humkimbia.

"Ni mimi," alisema. "Yote ni mimi. Kuna programu za kubadilisha sauti. Nilikuwa... nilikuwa mpweke tu. Aliyezungumza ni mimi. Aliyegonga ni mimi."

Simu zikatulia, zote kwa mara moja. Harufu ikakatika kana kwamba mtu amefunga chupa. Kwenye kioo cha kila mmoja likatokea tangazo moja: *Jirani ametoka kwenye kundi.*

Mwalimu alihisi mwili mzima umekuwa mwepesi. Akafuta machozi. Alidhani amepona.

Msimamizi akafunga daftari. "Tisa," alisema. "Na hata mngekuwa ishirini, nisingekuachia chumba tena." Wakashuka ngazi mmoja mmoja, bila utani. Fundi Saa alimpita bila kumtazama. Mshonaji alimtemea maneno: "Ukaichukua sauti ya shoga yangu, mtu mzima wewe!" Bibi Miwani pekee alisimama kidogo mbele yake, akamtazama kwa miwani zote mbili, kama anayetafuta kitu usoni mwake asikione, akaenda.

Siku kumi na mbili zikapita. Kundi lilikuwa kimya. Wakajitoa wote, akabaki yeye na jina lake. Droo haikutetemeka. Alivunja ile laini, akaitupa simu kuukuu, akasali sana. Lakini usiku na mchana maneno ya muadhini yalimla: *usipunguze.* Alijua alipunguza. Zaidi ya kupunguza, alikuwa ameongeza. Mwisho akaona heri aanze na yule aliyeumia zaidi. Angekwenda kwa miguu, si kwa simu, amwambie Bibi Miwani ukweli wote macho kwa macho, hata akiitwa kichaa.

Alifika saa kumi na moja jioni, jua bado lina nguvu. Nyumba ilikuwa ya mwisho kwenye kichochoro, mlango wa kijani, mkeka mbele yake. Alivua viatu kwa heshima, akasimama mkekani. Ulikuwa wa moto.

Akagonga. Ndani kulisikika kijiko kikikoroga kikombe, na kicheko cha Bibi, kicheko cha raha ambacho hakuwahi kukisikia darasani hata siku moja.

"Nani?" Bibi akaitikia.

"Mimi, Bibi. Mwalimu. Nimekuja kuomba radhi na kukuambia jambo."

Kijiko kikanyamaza. Nyayo zikasogea mpaka nyuma ya mlango, zikasimama pale. Bibi alipozungumza tena, alikuwa ameshusha sauti, sauti ya mtu anayeogopa aliye nje.

"Mwalimu gani? Mwalimu yumo humu. Huu mwendo wa wiki anakuja kila jioni, tumeshasameheana, tunakunywa chai."

Mwalimu akashika fremu ya mlango. Alitaka kulisema lile neno la pili, alitaka kupiga kelele mpaka kichochoro chote kitoke nje, *si mimi, simjui, najitenga naye*, lakini koo lilikuwa limekauka kwa siku kumi na mbili za kutosema na mtu, na kilichotoka kilikuwa mkwaruzo tu, mkwaruzo ambao mtu yeyote aliye upande wa pili wa mbao angeudhania kucha.

Kisha kutoka ndani, kutoka kwenye kiti kilichokuwa mbali na mlango, ikaja sauti yake mwenyewe, ya upole, ya mtu aliyeshiba na asiye na haraka ya kuondoka.

"Usimfungulie, Bibi. Ni mpweke tu huyo."

Komeo la pili likaingia mahali pake.